Kipokezi kinamezwa, hakisubiri kichocheo kiishe

Mwandishi wa makala niliyoisoma kuhusu ukuaji wa seli anasema ishara ya kukua huzimika pale kichocheo cha ukuaji kinapokwisha nje ya seli. Hiyo ni nusu ya habari. Nafundisha baiolojia kidato cha sita hapa Tabora, na kila tukifika kwenye lisosomu, kifuko cha seli kinachosaga vitu, wanafunzi wanaichora pembeni kabisa ya manila, kama jalala la mtaa, kumbe shughuli yenyewe iko humo. Kichocheo kikishika kipokezi cha EGFR, protini ya juu ya seli inayopokea ishara ya kukua, protini nyingine iitwayo Cbl hukibandika yubikwitini, kiprotini kidogo cha kutia alama, utando unabonyea kuelekea ndani na kukimeza pamoja na kichocheo chake. Na hata kikiwa ndani ya kifuko bado kinatuma ishara kwa muda! Kinanyamaza pale mkia wake, ule unaotuma ishara, unapovutwa ndani ya vifuko vidogo zaidi, kisha lisosomu inakisaga. Vipokezi visivyobandikwa alama hiyo, vingi hurudishwa juu kufanya kazi tena. Sugu ni HER2, kipokezi ndugu wa EGFR kinachojulikana kwenye saratani ya matiti, haimezwi kirahisi, na makala haikuigusa kabisa. Walimu wenzangu wa Kigoma, nyie mnalifundishaje hili wakati hadubini zetu za shule hazionyeshi hata kifuko kimoja?