Pinter mwigizaji ndiye aliyemfundisha Pinter mwandishi

Vyuoni watu hupenda kukigeuza kuwa falsafa kimya kinachokatiza mazungumzo katika tamthilia za Mwingereza Harold Pinter. Mimi naona ni ufundi wa mwigizaji tu, na nasema hivyo kwa kumsifu.

Kabla ya kalamu kumpa jina, mtoto huyu wa fundi cherehani wa Hackney, mashariki mwa London, aliishi kwa jukwaa. Alizunguka Ireland na kundi la Anew McMaster wakicheza Shakespeare, kisha akaigiza katika kumbi za mikoani Uingereza kwa jina la David Baron. Kazi ya kumbi zile ilikuwa ya kukimbizana: usiku unacheza mchezo wa wiki hii, mchana unafanyia mazoezi wa wiki ijayo. Mingi ilikuwa michezo ya kupitisha muda tu, lakini sidhani kama ipo shule bora. Mtu aliyepitia hayo anajua maneno gani yanateleza mdomoni na yapi yanakwama. Anajua pia kwamba ukinyamaza panapostahili, ukumbi mzima unaacha kukohoa.

Mchezo wake The Birthday Party unaanza na mke anayemuuliza mumewe kama kifungua kinywa ni kizuri. Basi. Halafu wanaingia wageni wawili, na maneno yaleyale ya kawaida yanaanza kutisha. Ulipofika Hammersmith, London, mwaka 1958, wahakiki waliuponda, ukafungwa baada ya maonyesho 8. Alhamisi alasiri watazamaji walikuwa 6. Harold Hobson wa Sunday Times aliusifu mno, ila sifa zake zilitoka Jumapili, mchezo umeshafungwa jana yake! Nadhani aliyezoea kuigiza mbele ya viti vitupu huumia, lakini hashangai. Miaka 2 baadaye mchezo wake mwingine, The Caretaker, ulimtoa.

Alipopewa Nobel ya Fasihi mwaka 2005, hotuba yake ya kuwashambulia Marekani na Uingereza kwa vita vya Iraq ilizungumzwa kila mahali. Wachache wanakumbuka kwamba mwaka uliofuata, akiwa mgonjwa, alirudi kuigiza katika ukumbi wa Royal Court, London, katika Krapp's Last Tape, mchezo wa mwandishi Samuel Beckett, akiwa kwenye kiti cha magurudumu: mzee peke yake, akisikiliza sauti yake ya zamani kwenye kanda. Hotuba ile wachukue wengine. Mimi ningetaka tiketi ya usiku mmoja wa Royal Court.