Mgonjwa wa Micheweni Aliyeandikwa Mtu wa Mjini

Nyumbani Zanzibar kuna kauli iliyokwisha kuota mizizi: kensa ni maradhi ya mjini na ya ng'ambo. Mzee wa shamba anakula muhogo na samaki, anakwenda kondeni kwa miguu, basi maradhi hayo hayamfuati. Sisi tulioko Marekani tunaitia nguvu kauli hiyo. Tukifungua takwimu za huku tunakuta kweli kaunti (wilaya za huku) za shamba zina wagonjwa wapya wachache kuliko kaunti za mjini, tunazituma kwenye makundi ya familia, na watu wanapumua. Naona tunawapoteza jamaa zetu. Katika takwimu hizo hizo iko safu ya vifo, na vifo ni vingi zaidi shamba.

Tuanze na huku. Marekani ina kaunti zaidi ya 3,100, na Wizara ya Kilimo imeipa kila moja namba, kuanzia 1 hadi 9. Namba 1 hadi 3 ni za miji mikubwa na viunga vyake, 4 hadi 9 ni za nje ya hapo. Sheria ya mwaka 1992 ilianzisha mpango wa serikali kuu wa kusaidia majimbo kuandikisha kila mgonjwa wa saratani, na hospitali na maabara zinawajibika kuripoti kwenye daftari la jimbo. Katika yote yanayoandikwa, kanuni moja ndiyo inayobeba hesabu nzima: mgonjwa anahesabiwa kwenye kaunti aliyokuwa akiishi siku maradhi yalipogunduliwa, si kaunti ya hospitali. Mwanamme wa kaunti ya Harlan, huko kwenye milima ya Kentucky, akigunduliwa katika mji wa Lexington na kutibiwa huko huko, bado ni mgonjwa wa Harlan.

Mwaka 2017 CDC, taasisi ya serikali ya kudhibiti maradhi, ilitoa ripoti iliyotenganisha kaunti hizo. Vifo vya saratani vilikuwa 180 kwa kila watu 100,000 shamba, na 158 mjini, wanaume na wanawake pamoja. Wagonjwa wapya kwa jumla walikuwa wachache zaidi shamba, lakini saratani zinazoletwa na tumbaku, kama ya mapafu na ya kikoromeo, zilikuwa nyingi zaidi huko, na ya utumbo mpana vile vile. Kwa upande wa wanaume, tezi dume ndiyo inayoshusha sana hesabu ya shamba. Hiyo ndiyo saratani inayowapata wanaume wengi zaidi Marekani, karibu mmoja katika kila wanane maishani mwake, na idadi yake inapanda na kushuka kwa kufuata wangapi wamepimwa damu ya PSA, protini inayotoka kwenye tezi dume. Shamba wanapima kidogo, basi wanapata wagonjwa wachache. Wale ambao hawakupimwa wanakuja kuonekana baadaye, mifupa ikianza kuuma.

Mapafu yana sababu zake. Wanaume wa shamba huku wanavuta sigara zaidi, na Kentucky, jimbo la kaunti 120 ambako tumbaku ilikuwa zao la familia nyingi, liko juu kabisa nchini kwa saratani hiyo. Kuna na gesi ya radoni, yenye mionzi, inayotoka ardhini na kujikusanya ndani ya nyumba zilizofungwa kwa baridi. Nyumba ya Pemba yenye madirisha wazi haina shida hiyo kwa kiasi hicho. Tena hospitali za shamba zimekuwa zikifungwa, zaidi ya 100 tangu mwaka 2010. Kwa hiyo hata nchi yenye mashine zote hizi, umbali unaua.

Kabla hatujavuka kuja kwetu, lazima nieleze hesabu yenyewe, maana hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Chukua mfano wa kubuni wa wilaya mbili zenye wanaume 100,000 kila moja. Ya mjini ina vijana wengi: 95,000 wako chini ya miaka 60, na 5,000 wamevuka. Ya shamba vijana wake wamehama: 90,000 kwa 10,000. Tuseme hatari ni sawa sawa kote, wagonjwa 20 kwa kila 100,000 kwa walio chini ya miaka 60, na 400 kwa kila 100,000 kwa waliovuka. Mjini utapata 19 na 20, jumla 39. Shamba utapata 18 na 40, jumla 58. Atakayesoma jumla tu atasema shamba kuna balaa, na hakuna balaa, kuna wazee. Ndiyo maana kiwango cha kila rika hutafutwa peke yake, kisha kikazidishwa kwa idadi ya watu wa kigezo kilicho kimoja kwa wote. Marekani inatumia kigezo cha watu wake wa mwaka 2000, chenye wazee wengi. Takwimu za kimataifa zinatumia kigezo cha dunia, chenye vijana wengi zaidi, na hicho hutoa namba ndogo kwa maradhi yale yale. Anayechukua ile 180 ya Marekani na kuiweka ubavuni mwa namba ya Tanzania iliyotoka kwenye kigezo cha dunia analinganisha pishi na kilo.

Kuna na tatizo la idadi ndogo. Takwimu za kitaifa za huku hazichapishi kiwango cha kaunti ikiwa wagonjwa hawafiki 16. Kipeuo cha pili cha 16 ni 4, na 4 ni robo ya 16, yaani namba hiyo inayumba kwa robo nzima kwa bahati tu. Zanzibar ina wilaya 11 na shehia 388. Kupanga shehia kwa saratani ya mwaka mmoja ni kupiga ramli. Ukusanye miaka mitano, kwa wilaya, hapo utasema kitu.

Sasa kwetu. Mgawanyo wa watu kwa mahali tunao, na ni mzuri. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar: 893,169 Mjini Magharibi, karibu nusu ya nchi, na Pemba 543,441, ukijumlisha Kaskazini 272,091 na Kusini 271,350. Kinachokosekana ni wagonjwa wa kuweka juu ya idadi hiyo, kila mmoja mahali pake.

Fuata njia ya mwanamme wa Kiuyu Mbuyuni, wilaya ya Micheweni, Pemba, anayekojoa kwa tabu. Kituo cha afya, halafu hospitali ya Micheweni au Wete, halafu Chake Chake au Abdulla Mzee kule Mkoani, halafu boti hadi Unguja, hospitali ya Mnazi Mmoja, na ikitakiwa mionzi anavuka tena kwenda hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Kila dirisha anaulizwa: "Mzee, unakaa wapi?" Naye anajibu kwa adabu pale alipofikia, kwa mwanawe au kwa shemeji yake. Mpendae. Magomeni. Kariakoo. Magomeni iko Unguja na iko Dar, Kariakoo hali kadhalika, na karani hana sababu ya kuuliza ni ipi. Mtu wa Micheweni amekwisha kuwa mtu wa mjini. Jina lake nalo linaandikwa Mohamed hapa na Muhammed kule, na anaweza kuhesabiwa mara mbili, zote mbili mjini. Halafu tunatazama ramani na kusema shamba kuna afya.

Dawa ya hili ni nafuu kuliko mashine yoyote: namba ya kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, shehia anakolala kwa kawaida, mwaka wa kuzaliwa, tarehe maradhi yalipothibitishwa, yamethibitishwa kwa nini (kinyama kilichokatwa na kupimwa maabara, picha, au macho ya daktari tu), na yamefika wapi mwilini. Mambo sita. La mwisho linasahauliwa zaidi, nalo ndilo linaloonyesha nani amechelewa. Na wale wanaofia nyumbani, wakazikwa siku hiyo hiyo bila ya kupita hospitali, sheha anawajua. Afisa wa afya akikaa na familia baada ya siku za msiba, akauliza kwa utaratibu alikonda lini, alikojoa damu, alishindwa kumeza, miguu ilikufa ganzi, atapata sababu inayokaribia ukweli kwa wengi wao.

Liko jambo moja ambalo shamba la Zanzibar lina hatari yake, na ramani za Marekani haziwezi kutufundisha. Ni kichocho. Huku saratani ya kibofu cha mkojo inaletwa zaidi na sigara. Kwetu mayai ya minyoo ya kichocho yanakwama kwenye ukuta wa kibofu, yanauchoma miaka na miaka, na mwisho huzuka saratani ya aina nyengine, ya seli bapa. Shirika la Afya Duniani, kupitia kituo chake cha utafiti wa saratani, lilikiweka kichocho hicho katika daraja la kwanza la visababishi mwaka 1994. Tena si shamba lote. Unguja, konokono anayekibeba, Bulinus globosus, yuko kaskazini na kati. Kusini kuna ndugu yake, Bulinus nasutus, ambaye minyoo hiyo haikui ndani yake. Kwa hiyo Makunduchi ya kusini na Kinyasini ya kaskazini, zote shamba, hazina hatari moja, na anayezijumlisha kwa neno "vijijini" ameshapoteza habari muhimu kuliko zote.

Dawa za skulini na vita dhidi ya konokono vimeshusha kichocho sana, sifa iwaendee waliofanya kazi hiyo, wakiwemo wa maabara ya afya ya jamii pale Wawi, Pemba. Lakini wanaume wenye miaka 50 na 60 leo ni watoto wa wakati ule, miaka ya 1970 na 1980, ambapo skuli nyingi za Pemba zilikuwa na zaidi ya nusu ya wanafunzi wenye maradhi. Kovu liko kibofuni. Kosa linalotokea ni la mazoea: mtu anakojoa damu, anapewa prazikwanteli, dawa ya kichocho, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, yaani vidonge vinne vya 600 kwa mtu wa kilo 60, anakwenda zake. Kwa mtoto ni sawa. Mwanamme aliyevuka miaka 40, damu ikirudi baada ya dawa, au ikitoka bila ya maumivu, apigwe picha ya kibofu na aingizwe kamera, hata kama damu imekatika yenyewe wiki ya pili. Saratani ya kibofu ina tabia ya kutoa damu, ikanyamaza miezi.

Tezi dume nayo isiigwe kama inavyofanywa huku. Marekani ilipima wanaume kwa wingi, ikakuta wengi ambao saratani yao isingewadhuru kamwe, ikawakata, na baadhi yao wakabaki hawawezi kuzuia mkojo. Ndiyo maana mwaka 2012 jopo la taifa la kinga lilishauri wasipimwe, kisha mwaka 2018 likasema wa miaka 55 hadi 69 waamue na daktari wao. Hata hivyo mtu mweusi hatari yake ni kubwa zaidi, na chama cha saratani cha huku kinashauri mazungumzo hayo yaanze miaka 45 kwake. PSA iliyozidi 4 si hukumu. Maambukizi ya mkojo huipandisha, mpira wa mkojo huipandisha, tezi iliyovimba kwa uzee tu huipandisha. Asubiri wiki sita baada ya kutibiwa maambukizi, na siku mbili bila ya tendo la ndoa, ndipo apime tena. Anayemeza finasteridi, dawa ya kupunguza tezi iliyovimba, kwa miezi mingi, namba yake hushuka nusu, basi 3 yake ni kama 6.

Ikifika mionzi, huku ni mwendo wa gari saa moja au mbili kila siku. Kwetu ni kuhamia Dar, siku tano kwa wiki, vipindi 20 kwa utaratibu mfupi, au karibu 39 kwa ule mrefu. Wiki nne hadi nane za chumba, chakula na mtu wa kumsindikiza. Wapo wanaokatisha kwa kukosa kodi ya chumba na nauli, si kwa kukosa mionzi. Sisi wa ng'ambo tumezoea kutuma pesa mgonjwa anapolala chini. Mimi naona pesa hizo hizo zitumwe kabla, kwa ajili ya chumba cha wiki zote, na kwa ajili ya kinyama.

Maana kinyama ndicho kinachoharibika njiani. Kiwekwe kwenye chupa ya mdomo mpana, ndani ya formalini (dawa ya kuhifadhia kinyama) ya asilimia 10, iliyo mara kumi ya ujazo wa kinyama chenyewe. Kisiwekwe spiriti, maji wala maji ya chumvi. Jina liandikwe ubavuni mwa chupa, kwani kifuniko hubadilishwa maabara. Familia ibaki na nakala ya jibu, kwa sababu likipotea kati ya Pemba na Dar mzee atakatwa upya. Na kwenye fomu, pale penye makaazi, paandikwe Kiuyu Mbuyuni, Micheweni, hata kama barua ya rufaa imetoka Mnazi Mmoja na mgonjwa amefikia Magomeni.