Kabla ya kugawa hojaji Lamu: muundo upi wa utafiti unabeba swali lipi?

Aprili 2018 Mahakama Kuu iliamua kwamba wavuvi wapatao 4,600 wa Lamu walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa madhara ya ujenzi wa bandari mpya. Gati la kwanza lilianza kazi Mei 2021. Swali la kama bandari imepunguza samaki sasa linawavutia wanafunzi wengi wa shahada, na aghalabu huliendea na chombo kimoja: hojaji ya ngazi tano, kutoka "nakubali kabisa" hadi "sikubali kabisa". Ubishi uko hapo. Je, muundo huo unalimudu swali hilo?

Wanaoutetea hawakosi hoja. Hojaji ya mara moja ni nafuu, inamalizika ndani ya muhula, na sampuli yake hupatikana kwa kanuni inayojulikana, ile ya Yamane: idadi ya wote, gawa kwa 1 jumlisha idadi hiyo mara mraba wa kosa unalolivumilia. Kwa wavuvi 4,600 na kosa la asilimia 5 ni 4,600 gawa kwa 12.5, yaani 368. Ukitaka kujua ni wangapi wana mashua yao wenyewe, wangapi wanatega malema na wangapi wamepata fidia, huna haja ya muundo mwingine.

Ila hiyo 368 ina mtego wake. Kanuni inachukulia kwamba kila mvuvi amechaguliwa peke yake, na watu watano wa dau moja wanagawana samaki walewale. Ukiwauliza wote watano kuhusu mavuno, umepata karibu jibu moja mara tano. Ufanano wa majibu ndani ya chombo ukiwa 0.5 (0 ni kutofanana, 1 ni jibu lilelile), sampuli izidishwe kwa 1 + (4 × 0.5), ambapo 4 ni wale watano toa mmoja, yaani mara 3: watu 1,104. Nafuu ni kuchagua vyombo badala ya watu, kisha kumhoji nahodha.

Hata ukirekebisha idadi, hojaji ya mara moja bado haina "kabla". Na kwa bahari hii, wakati ni nusu ya jibu. Kaskazi ikitulia, vyombo vidogo hutoka nje ya miamba. Kusi ikichafuka katikati ya mwaka, wengi hubaki ndani. Aliyepima Februari akarudi Julai anaweza kukuta upungufu hata kama pasingekuwa na bandari. Maji nayo: siku ya bamvua mkondo hukimbia, na mavuno yake hayalinganishwi na ya maji mafu. Mwenye kulinganisha miaka miwili basi apime msimu uleule, tarehe zilezile za mwezi mwandamo, kwa mtego wa aina ileile, na apime kwa mizani yake dikoni. Kapu si kipimo. Kapu la huyu si kapu la yule.

Jaribio kamili, la kuchagua kwa bahati nasibu kijiji kipi kijengewe bandari na kipi kiachwe, haliwezekani. Kinachobaki ni nusu jaribio: upime kabla na baada, penye bandari na mbali nayo. Tuseme, kwa mfano wa kubuni, karibu na bandari mavuno ya safari moja yameshuka kutoka kilo 12 hadi 7, na Kiunga kutoka 11 hadi 9. Kilo 2 zimepotea kwote, kwa hiyo zinazoweza kuhusishwa na bandari ni 3, si 5. Muundo huu nauona bora kwa swali la sababu, lakini si salama. Wavuvi waliozuiwa karibu na bandari wakihamia maji ya wenzao, sehemu ya kulinganishia nayo inaharibika, na hesabu inadanganya kimyakimya.

Kambi ya pili hutaka uchunguzi kifani: kijiji kimoja, miezi kadhaa, mahojiano marefu na wazee. Nguvu yake ni kueleza *kwa nini*. Hojaji itakwambia safari zimepungua. Mazungumzo yatakwambia kwamba eneo lililobaki liko mbali na mafuta ya mashine yanakula faida. Udhaifu ni kumbukumbu. Samaki wa zamani huwa wakubwa siku zote, na penye fidia jibu huelemea upande mmoja bila mtu kukusudia uongo. Usimwulize mzee alivua kilo ngapi miaka kumi iliyopita. Muulize mwaka aliomwoza binti yake alikuwa akivua wapi, na watu wangapi chomboni, na akirudi saa ngapi. Maswali hayo yana pa kushikia.

Wengine hukimbilia muundo mseto, ambao mara nyingi (tusifichane) ni hojaji ileile pamoja na mahojiano sita yaliyobandikwa mwishoni. Mseto wenye maana una mpangilio: mazungumzo yatangulie ili hojaji iulize mambo sahihi, au yafuate ili yaeleze namba iliyoshangaza.

Na mwenye miezi mitatu tu, asiye na takwimu za kabla? Abadilishe swali. Kwenye jalada, "Athari za bandari kwa uvuvi" iwe "Maoni ya wavuvi kuhusu athari za bandari". Kazi hiyo hojaji yake inaiweza.