Kutikisa mdomo wa ATM: kinga au kujifariji?

Ushauri kuhusu wizi wa taarifa za kadi huanza karibu kila mara na hili: kabla hujaingiza kadi, shika mdomo wa mashine uutikise, ukilegea, ondoka. Si ushauri wa kupuuzwa. Kifaa cha kunakili utepe wa sumaku, ule mstari mweusi ulio nyuma ya kadi, mara nyingi hubandikwa juu ya tundu halisi, na kwa kuwa mwizi atarudi kukibandua upesi, hakikazwi sana.

Lakini siku hizi kuna vifaa vyembamba mno vinavyosukumwa ndani kabisa ya tundu. Utatikisa hadi uchoke. Na mwaka 2018 wateja wa British Airways walinakiliwa kadi zao wakilipia tiketi mtandaoni, kwa msimbo uliopenyezwa kwenye tovuti yenyewe. Hapo utatikisa nini?

Ndiyo maana wapo wanaosema mzigo huu ni wa benki na kampuni za kadi. Wana hoja. Utepe wa sumaku hutoa taarifa zilezile kila unaposomwa, hivyo nakala yake hufanya kazi kama kadi yenyewe. Chipu, kile kijisahani cha rangi ya dhahabu au fedha mbele ya kadi, hutengeneza msimbo mpya kwa kila muamala. Wa leo ukinaswa, kesho haufai kitu. Viwango vya chipu vipo tangu miaka ya 1990, ila Marekani ni mpaka Oktoba 2015 ndipo hasara ya kadi bandia ilipoanza kuangukia upande, benki au duka, ambao haujahamia kwenye chipu. Mastercard wamesema utepe utatoweka kabisa kwenye kadi zao ifikapo 2033. Miaka yote hiyo, anayeambiwa awe macho ni mteja.

Naegemea upande huo, ila si mzimamzima. Benki haiwezi kukufunikia mkono unapobonyeza namba ya siri, na kwangu hilo lina thamani kuliko kutikisa: utepe ulionakiliwa bila namba ya siri haumtolei mwizi pesa kwenye ATM. Vibonyezo bandia hulishinda hilo, kweli, lakini kamera iliyofichwa hailiwezi. Panapokubali kugusisha kadi, gusisha. Pochi za kuzuia mawimbi, zinazouzwa ili kadi isisomwe kwa mbali, naziona biashara ya hofu tu; kadi ya kugusisha husomwa kwa sentimita chache.

Kisha chagua kadi ya kutumia mahali usipopaamini. Ya akaunti (debit) ikinakiliwa, pesa zinazotoka ni zako, nawe unasubiri zirudi benki ikichunguza. Ya mkopo (credit) ikinakiliwa, mnabishania deni ambalo bado hujalilipa.