Polisi wetu wa Kenya wasimamiwe kutoka kaunti

Usiku wa kuamkia tarehe 14 Juni 2025, mtu aliyevaa kama polisi alibisha hodi kwa Seneta John Hoffman huko Champlin, Minnesota, akampiga risasi yeye na mkewe. Polisi wa Brooklyn Park, mji ninaoishi, waliposikia hayo waliona afadhali wapite kwa Melissa Hortman, aliyewahi kuwa Spika wa Bunge la Wawakilishi la jimbo, kumjulia hali. Hakuna aliyekuwa amewaita. Walipofika wakamkuta mtu huyo pale pale. Hortman na mumewe Mark waliuawa, na uchungu huo bado uko mjini kwetu. Lakini gari la mshambuliaji lilibaki nyuma, ndani yake mkiwa na majina ya watu wengine, na usiku wa siku ya pili mshukiwa alikuwa mikononi mwa polisi.

Asubuhi ile tuliambiwa tusimfungulie mlango polisi aliye peke yake. Wa kweli watakuja wawili wawili, na mwenye shaka apige 911, nambari ya dharura ya huku, aulize. Tangazo hilo lilipotafsiriwa kwenye kikundi chetu cha WhatsApp cha Wakenya, mama mmoja aliyekuja kumtembelea bintiye kutoka Kisii aliuliza, "Kwani huku mtu anaweza kumuuliza polisi kama yeye ni polisi, na asipigwe?" Hakuwa anatania.

Siku sita kabla ya hapo, mwalimu Albert Ojwang alikuwa amekufa katika kituo cha polisi cha Central, Nairobi. Alikamatwa Homa Bay kwa sababu ya maneno yaliyoandikwa mtandaoni kuhusu afisa mkubwa wa polisi, akasafirishwa mamia ya kilomita. Kwanza tuliambiwa alijigonga kichwa ukutani, kisha uchunguzi wa maiti ukaonyesha majeraha ya kupigwa. Kinachoniuma hadi leo ni ile safari. Mtu anatolewa kwao, anapita kaunti baada ya kaunti, na njia nzima hakuna kiongozi hata mmoja aliyechaguliwa na wananchi mwenye uwezo wa kisheria wa kuuliza, "Huyu mnampeleka wapi, na kwa nini?"

Sisemi Minnesota ni peponi. George Floyd aliuawa na polisi Minneapolis tarehe 25 Mei 2020. Aprili mwaka uliofuata, Daunte Wright alipigwa risasi Brooklyn Center, mji unaopakana na wetu, na afisa aliyesema alidhani ameshika kifaa cha kupigia mtu shoti ya umeme, si bastola. Afisa Derek Chauvin alifungwa miaka 22 na nusu kwa kumuua Floyd. Aliyemuua Wright alihukumiwa miaka miwili, na wengi wetu tuliona ni kidogo mno. Novemba 2021 wakazi wa Minneapolis walipiga kura kuamua kama idara ya polisi iondolewe na kuwekwa idara nyingine ya usalama wa umma. Takriban asilimia 56 walikataa, wakiwemo watu weusi wa kaskazini mwa mji ambao husikia milio ya risasi usiku. Walitaka polisi waje wanapoitwa, na wakija wasiue mtoto wa mtu. Mimi naona hayo ni madai mamoja, ingawa wanasiasa wa pande zote mbili hupenda kuyagawanya.

Polisi wa huku huajiriwa na miji na kaunti, na kila moja ya kaunti 87 huchagua sherifu wake kwa kura. Leseni ya kazi, hata hivyo, hutolewa na bodi ya jimbo, na utaratibu huo umekuwepo tangu miaka ya 1970. Afisa anahitaji masomo ya chuo kabla ya kuvaa sare, na leseni ikifutwa hawezi kuhamia mji wa pili kuendelea na kazi kana kwamba hakuna kilichotokea. Mwaka 2023 jimbo lilitoa dola milioni 300 kwa ajili ya usalama katika miji, kaunti na jamii za wenyeji asilia. Mwaka huo huo ikapitishwa sheria kwamba afisa aliyeumia akili kutokana na kazi apate matibabu ya hadi wiki 24 huku mshahara wake ukiendelea, kabla ya suala la kustaafu kwa ulemavu kuamuliwa. Jambo hilo lilikuwa la dharura. Baada ya 2020 polisi wa Minneapolis walipungua kutoka karibu 900 hadi chini ya 600, na wengi walioondoka walikuwa wamevunjika ndani. Na baada ya maafisa wawili na mzimamoto mmoja kuuawa Burnsville Februari 2024 kwa bunduki zilizonunuliwa na mtu mwingine kwa niaba ya muuaji, bunge la jimbo liliongeza adhabu ya kununua silaha kwa namna hiyo. Huko ndiko kuwaunga mkono polisi ninakokuelewa mimi.

Sasa nyumbani. Binamu yangu ni konstebo katika kituo kimoja Bonde la Ufa. Chumba chake kwenye laini za polisi kiligawanywa kwa pazia: upande huu yeye, mkewe na watoto, upande ule mwenzake na mke wake. Watoto wakikohoa usiku, nyumba mbili zinaamka. Ameokota maiti za ajali barabara ya Nakuru kwenda Eldoret mara nyingi, na anaporudi kituoni huandika taarifa kwenye OB, daftari la matukio la kituo, basi. Hakuna aliyewahi kumuuliza kama analala. Jirani yetu alipovunjiwa duka, aliambiwa gari la kituo halina mafuta, akatoa pesa za mafuta mfukoni mwake. Jopo la Jaji Maraga kuhusu mageuzi ya polisi lilikabidhi ripoti yake Novemba 2023, likayasema haya yote: makazi duni, mishahara midogo, ufisadi. Nyongeza ya mishahara ilianza kutolewa kwa awamu mwaka uliofuata, na nafurahi kwa ajili ya binamu yangu. Lakini pazia haliondolewi na nyongeza peke yake, wala nyongeza haimzuii mkubwa wake kumwamuru jambo ovu.

Na sheria tunayo. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011, kifungu cha 41, inataka kila kaunti iwe na Mamlaka ya Polisi ya Kaunti. Mwenyekiti ni gavana au waziri wa kaunti aliyemteua. Wanakaa pamoja na wakuu wa polisi na upelelezi wa kaunti, wawakilishi wawili wa bunge la kaunti, na raia kutoka makundi ya wafanyabiashara, wanawake, vijana, dini, mashirika ya jamii na watu wenye ulemavu. Kazi yao ni kupendekeza vipaumbele vya usalama, kufuatilia mwenendo wa uhalifu, kusimamia matumizi ya bajeti ya polisi wa kaunti na kumpelekea Inspekta Jenerali maoni kuhusu utendaji wao. Haiwapi magavana majeshi yao binafsi, hofu ambayo huletwa kila mara mjadala huu unapoanza. Amri za polisi zinabaki kwa Inspekta Jenerali. Kinachoongezeka ni macho ya karibu, na mlango ambao konstebo mwenye pazia na mwenye duka lililovunjwa wote wanaweza kuubisha.

Miaka mingi imepita, na katika kaunti nyingi mwananchi wa kawaida hajawahi hata kulisikia jina hilo. Wewe uliye Nakuru, Homa Bay, Kilifi au Kisii, kikao cha maoni ya umma kuhusu bajeti kikifika, nenda. Simama, umuulize gavana kwa majina: nani wanaokaa katika Mamlaka ya Polisi ya kaunti hii, walikutana lini mara ya mwisho, na walisema nini kuhusu nyumba za polisi na kuhusu watu waliofia seli? Kama hakuna majina, omba jibu hilo liandikwe kwenye kumbukumbu za kikao, kisha mpelekee MCA wako, mwakilishi wa wadi katika bunge la kaunti, nakala.