Kabla ya Kumnenepesha Mjusi Chui, Pima Joto la Sakafu Yake

Kito, mjusi chui (wengi humwita leopadi geko), alipofika kwangu alikuwa na gramu 34. Mkia wake, ambao kwa mjusi chui mzima mwenye afya hunenepa ukakaribia kulingana na shingo, ulikuwa umesinyaa kama penseli, na mifupa ya nyonga ilijichora chini ya ngozi. Aliyekuwa akimfuga aliniambia kwamba mnyama huyo “hapendi kula”. Niliyashika maneno hayo kwa siku kumi na mbili, na ndizo siku ninazozijutia kuliko zote tangu nianze kufuga mijusi.

Nilichofanya ndicho wanachofanya wafugaji wengi wa leopadi geko wanapoona mkia umekonda. Nilitafuta viwavi wa nta, wale weupe laini wanaokula masega ya nyuki, kwa kuwa nilishaambiwa wana mafuta mengi na hakuna mjusi anayewakataa. Siku ya kwanza alikula wanne, siku ya pili watatu. Siku ya tatu nilimkuta amewatapika, wamelowa na hawajameng’enywa hata kidogo. Nilipomweka kwenye mizani ilisoma 33.

Ndiyo maana nasema bila kuzungukazunguka: mjusi chui akikonda, jambo la mwisho kufikiria ni chakula cha kunenepesha. Kukonda ni dalili. Ukiikimbilia dalili ukaiacha sababu, utamchosha mnyama ambaye nguvu zake zimeshaanza kuisha.

Mkia wenyewe unatueleza mengi. Huyu ni mnyama wa nchi kavu zenye mawe, kuanzia Afghanistan na Pakistan hadi kaskazini magharibi mwa India, mahali ambapo wadudu hupatikana kwa wingi leo na kesho hawaonekani. Maumbile yamempa ghala. Anaposhiba, mafuta huenda mkiani. Anapokosa, mwili hurudi kuyachukua humo. Kwa hiyo mjusi mzima mwenye mkia mnene anaweza kukaa wiki mbili bila kula na asipoteze uzito wa maana. Ukiona ghala limebaki tupu, ujue tatizo halikuanza jana. Limekuwapo kwa wiki nyingi, pengine miezi, na siku chache za kumshindilia chakula haziwezi kulifuta.

Kuna tahadhari moja hapa. Mjusi aliyewahi kukata mkia huota mwingine wenye umbo tofauti, mfupi, mviringo na laini, nao unaweza kumdanganya mtazamaji. Kwa huyo tazama pia mgongo, nyonga na mashavu.

Watu huniuliza uzito sahihi ni upi. Wengi waliokomaa huwa kati ya gramu 45 na 80, na wako wa ukoo wenye miili mikubwa wanaopita 100. Hizo namba zinafaa kwa kukisia tu. Kipimo ninachokiamini mimi ni mjusi mwenyewe kulinganishwa na alivyokuwa wiki iliyopita. Mizani ya jikoni inayosoma gramu mojamoja, bakuli dogo la kumtia ndani, daftari na siku moja ya wiki isiyobadilika: vifaa hivyo vina thamani kuliko kopo lolote la unga wa kuongeza uzito. Akipoteza sehemu moja ya kumi ya uzito wake, usisubiri wiki nyingine. Tafuta daktari wa wanyama anayewajua reptilia.

Sasa joto, maana hapa ndipo Kito alipokuwa akifia taratibu mbele ya macho yangu.

Mjusi chui hatengenezi joto lake mwilini. Analiazima, na huliazima zaidi kupitia tumboni, akilala juu ya jiwe lililopata jua au ndani ya mwanya ulio karibu nalo. Joto hilo ndilo linalofanya tumbo lifanye kazi. Likikosekana, mdudu aliyemezwa hukaa tumboni bila kusagwa, huanza kuoza, na mwisho hutapikwa au hutoka nyuma akiwa karibu mzima. Kumlisha mjusi aliyepoa ni kutwanga maji kinuni. Pia mnyama aliyepoa hupoteza hamu ya kula, na sioni ajabu: mwili unajua kwamba hauna uwezo wa kukishughulikia kile kitakachoingia.

Upande wa joto wa tangi, sakafu yenyewe anayolalia inapaswa kuwa kati ya nyuzijoto 31 na 34 za Selsiasi. Upande wa baridi, 24 hadi 26, ili achague mwenyewe. Mimi nilikuwa na kipimajoto cha kubandika kwenye ukuta wa kioo, nacho kilisoma 30 kila siku, nami nikatulia. Siku ya kumi na mbili niliazima kile cha bastola kinachopima kwa mionzi, nikakielekeza pale Kito alipokuwa amelala. Kilisoma 25. Nilirudia mara nne kwa sababu sikutaka kuamini. Kipimajoto cha ukutani kilikuwa kikipima kipande cha kioo kilicho karibu na taa. Sakafu hakikuijua kabisa. Mwenye mjusi aliyekonda akinieleza aina saba za wadudu alizojaribu, swali langu la kwanza ni moja tu: sakafu ya maficho yake ya joto ina nyuzi ngapi, na umepima kwa kitu gani? Mara nyingi jibu huwa kimya.

Usirekebishe kwa pupa, lakini. Pedi ya joto isiyo na kidhibiti joto inaweza kupanda ikavuka nyuzi 40 na kumchoma tumbo, na mjusi dhaifu huenda asiondoke hapo. Weka kidhibiti, pandisha taratibu, pima sakafu asubuhi na jioni.

Baada ya joto yanakuja maji, bado si chakula. Mjusi aliyekonda kwa muda mrefu mara nyingi pia amekauka. Macho huwa yamezama, ngozi ya ubavuni ukiivuta polepole haikimbilii kurudi, na mate ya mdomoni hunata. Kito alikuwa nazo zote tatu. Nilimwogesha kwa maji ya uvuguvugu, ya kina kisichopita viwiko vyake, dakika kumi na tano kila jioni, nikiwa nimekaa naye muda wote. Nilimwekea pia maficho yenye unyevunyevu, kopo lenye kuvumwani ya kupandia maua iliyoloweshwa ikakamuliwa, ambalo humsaidia hata kujivua gamba. Ngozi kuukuu ikibaki kwenye macho hawezi kuwinda, na asiyeona mdudu hawezi kumla hata ukimwekea mia.

Kisha ndipo chakula, tena kidogo. Mwili uliokaa na njaa kwa wiki nyingi haupokei karamu. Ukiulisha kwa ghafla, chumvichumvi za damu hupoteza uwiano na mnyama anaweza kufa akiwa ameshiba. Wiki ya kwanza Kito alipata nyenje wadogo wawili kwa siku. Wawili tu. Ilinibidi nijizuie, kwa sababu aliwala kwa hamu na jicho lake lilitaka zaidi.

Mdudu asizidi ukubwa wa nafasi iliyo kati ya macho ya mjusi. Nyenje, mende wa dubia na funza wa nzi askari weusi ndio ninaowategemea, na nawabadilisha ili asizoee mmoja. Wadudu wenyewe wale kwanza: siku moja au mbili kabla ya kutolewa niliwapa majani mabichi na mboga, kwa sababu mjusi hula kilichomo tumboni mwa mdudu pamoja na mdudu. Halafu unga wa kalsiamu. Wadudu wengi wana fosforasi nyingi na kalsiamu haba, isipokuwa wale funza wa nzi askari, na mjusi anayekula hivyohivyo bila nyongeza huishia na mifupa laini, taya linalopinda na miguu inayotetemeka. Akifikia hapo kutafuna kunamuuma, anaacha kula, nasi tunarudi kusema “hapendi kula”. Vitamini D3 nayo inahitajika ili kalsiamu itumike mwilini, iwe kutoka kwenye unga au kwa taa isiyo kali ya UVB, yaani mionzi kama ile ya jua.

Viwavi wa nta je? Mgala muue na haki umpe. Kiwavi mmoja au wawili kwa wiki, kwa mjusi ambaye joto lake liko sawa na kinyesi chake ni kizuri, husaidia, na harufu yake inaweza kumwamsha aliyesusa. Ila ukimfanya huyo ndiye mlo, mjusi atamzoea na kukataa kingine chochote, na mafuta yale yatajaza ini kabla hayajaujaza mkia. Nimeona mijusi wanene wenye afya mbovu kuliko Kito alipokuwa na gramu 33.

Kuna desturi nyingine inayonikera zaidi ya viwavi: kumfungua mjusi mdomo kwa nguvu na kumsukumia chakula. Nafahamu inatoka kwenye huruma. Mtu anamtazama mnyama akiisha na mikono haiwezi kutulia. Lakini taya la mjusi aliyekosa kalsiamu huvunjika kwa shinikizo dogo, chakula huweza kuingia kwenye njia ya hewa, na hofu yenyewe humla nguvu. Ikibidi alishwe kwa bomba, daktari aamue, akuonyeshe kwa mikono yake kiasi na namna. Mimi kwa kawaida hupaka tone la uji maalumu kwenye ncha ya pua na kumwacha alambe mwenyewe. Wengi hulamba.

Na tafadhali, mjusi mmoja, tangi moja. Huyu hahitaji mwenzake. Wawili wakikaa pamoja, mmoja huchukua sehemu ya joto na mwingine hufukuzwa kimyakimya, bila hata kuumwa. Utawaona wamelala pamoja ukadhani wanapendana, kumbe wanagombea sakafu ile ile. Ukikuta mmoja mnene na mwenzake amekonda, watenganishe leo, kabla ya kuanza kufikiria chakula.

Nimeliacha jambo zito hadi sasa kwa sababu kuliandika hunisumbua.

Mwaka mmoja baada ya Kito nilimpokea jike aliyekonda vilevile. Nilijiona mjuzi. Joto lilikuwa sawa, nililipima. Maji, sawa. Alikula vizuri, kila siku, na kila wiki mizani ilishuka: 38, 36, 35, 32. Kinyesi chake kilikuwa majimaji na kilinuka kupita kawaida. Nilichelewa wiki tatu kukipeleka kupimwa kwa sababu aliendelea kula, na akili yangu ilisema anayekula atapona. Alikuwa na kriptosporidiamu, kimelea kinachoharibu utando wa tumbo na utumbo hadi chakula kikapita bila kufyonzwa. Hakuna dawa ya uhakika inayokiondoa. Vimbegu vyake vinastahimili hata dawa ya klorini ya kusafishia, na hutoka kwenye kinyesi kwa vipindi, kwa hiyo kipimo kimoja safi hakitoshi kumtangaza mjusi kuwa mzima. Daktari alinieleza yote hayo kwa upole, kisha tukamlaza kwa sindano, asiamke tena.

Kwa hiyo nasisitiza kinyesi kipimwe mapema, kabla hujaanza hata kuhesabu wadudu. Kinyesi kizuri ni cheusi au kahawia iliyokolea, kimeshikana, kikiwa na kipande cheupe pembeni. Chukua kilicho kibichi, kiweke kwenye kopo safi, kipeleke. Mjusi mgeni akae mbali na wengine miezi mitatu au zaidi, awe na kibano chake, sahani yake na kitambaa chake, na umhudumie wa mwisho. Nawa mikono kwa sabuni kila mara, maana reptilia pia hubeba bakteria wa salmonela ambao humdhuru binadamu. Wakati wa kusubiri majibu tandika karatasi nyeupe kwenye tangi badala ya mchanga. Kinyesi kitaonekana, na mjusi dhaifu hatameza mchanga ukaziba utumbo wake.

Sitaki nimtishe kila mtu, kwani si kila kususa ni ugonjwa. Dume msimu wa kutafuta jike huacha kula kwa wiki kadhaa. Anayejiandaa kuvua gamba hususa siku mbili tatu. Aliyehamishwa nyumba huhitaji wiki moja au mbili za kuachwa peke yake bila kushikwashikwa. Tofauti utaiona kwenye daftari: hali chakula, lakini gramu hazishuki. Hapo subiri. Asiyekula na gramu zinashuka, au anayekula na gramu bado zinashuka, huyo usimsubiri hata kidogo.

Kito yeye alikutwa na minyoo ya kawaida, akapewa dawa mara mbili. Baada ya kurekebisha sakafu mizani ilikaa kwenye 33 kwa wiki mbili nzima. Niliingia wasiwasi, karibu nirudi kwenye viwavi. Wiki ya tatu 34. Ya nne 34 tena. Ya tano 37, na kinyesi kilichoshikana, cheusi, na alama yake nyeupe. Baada ya miezi sita alikuwa 53.

Jana jioni nilimpa mende wawili. Alimaliza, akalamba jicho moja, kisha la pili, akatembea polepole hadi kwenye kigae kilicho juu ya pedi ya joto, akanyoosha tumbo juu yake na kufumba macho. Mkia wake ulikuwa umelala pembeni, mnene, ukijaza nusu ya kigae.