Gari Likiamua Jambo, Limwambie Dereva

Joto likiwa kali, mtu akiingia garini mkono wake wa kwanza huenda kwenye kitufe cha halijoto, na hauachi kubonyeza mpaka skrini iandike LO. Nimepakia watu wengi, na karibu wote hufanya hivyo hivyo. Wanaamini kwamba ukiomba nyuzi 16 utapoa haraka kuliko ukiomba 23. Kwenye gari lenye AC ya otomatiki, imani hiyo haina msingi. Gari lililoiva juani ukiliwekea 23 na kuwasha AUTO, kompyuta yake inaona pengo kubwa kati ya ulichoomba na joto lililomo ndani, kwa hiyo inatoa kila ilicho nacho: feni inapanda juu, kompresa (pampu ya gesi ya ubaridi) inawaka, na kwenye magari mengi kile kipazia kinachoingiza hewa ya nje hujifunga ili hewa ya ndani izunguke na kupozwa tena na tena. Dakika hizo za mwanzo, 23 na LO ni kitu kimoja. Tofauti inakuja baadaye. Aliyeomba 23 anasikia feni ikishuka yenyewe taratibu ndani kukishapoa. Aliyeweka LO anaendelea kupigwa na baridi usoni, kwa sababu LO haina kipimo chochote nyuma yake. Ni amri ya kupoza bila kukoma, kama HI ilivyo upande wa joto.

Feni inaposhuka ndipo ugomvi unapoanza. "AC imeanza kuchoka," abiria anasema, na mkono unarudi kwenye kitufe. Gari limefanya lile lile lililoagizwa, limefika, limepunguza nguvu, lakini halikusema neno.

Hili ndilo linaloniuma kuhusu magari ya siku hizi. Otomatiki naipenda, na naamini kompyuta ya AC inaifanya kazi hiyo vizuri kuliko mkono wangu. Ninachokipinga ni ukimya wake. Gari linaamua mambo kadha wa kadha kwa niaba ya dereva, haliandiki hata mstari mmoja wa sababu, na uamuzi mzuri unaishia kuonekana ubovu. Watu wanapeleka magari mazima kwa mafundi, na fundi asiyeijua tabia hiyo anafungua kitu ambacho hakikuwa kibovu.

Packard, kampuni ya magari ya Marekani, ilipoanza kuuza magari yenye kiyoyozi cha kiwandani, mwaka 1940, hapakuwa na fumbo. Sehemu kubwa ya mtambo ilikaa kwenye buti, na kompresa ilizunguka muda wote injini ilipozunguka. Ukitaka kuisimamisha kabisa ilibidi uzime injini, ufungue boneti na uvue mkanda wake. Ilikuwa kazi, lakini dereva alijua kilichowashwa na kilichozimwa. Mwaka 1964 Cadillac ikaleta Comfort Control, na hapo jambo likageuka: dereva alichagua halijoto, gari likatafuta lenyewe njia ya kuifikia. Zamani uliagiza kazi, yaani feni namba fulani na baridi kiasi fulani. Sasa unaagiza matokeo. Hayo ni mabadiliko makubwa katika uhusiano wa mtu na chombo chake, na madereva wengi wameingizwa humo bila kuelezwa.

AUTO inategemea sensa chache tu. Moja iko mbele, nyuma ya bampa au grili, inapima joto la nje. Nyingine imejificha nyuma ya kitundu chenye wavu kwenye dashibodi, na kwenye magari mengi kuna kifeni kidogo au kimpira kinachovuta hewa ya ndani ipite juu yake. Kitundu hicho kikijaa vumbi, gari linapima hewa iliyolala, nalo hukosea. Ya tatu ni kijidude kama kifungo cheusi juu ya dashibodi, chini ya kioo cha mbele. Hiyo inapima jua. Jua likikupiga kifuani unaungua hata kama hewa iliyokuzunguka ni nyuzi 23 kamili, kwa hiyo gari huongeza ubaridi ili kufidia.

Nilikaa karibu mwaka mzima nikiamini kwamba AC ya gari langu imepungukiwa gesi. Jioni ilipoza vizuri, saa saba mchana ikalegea. Kumbe nilikuwa nimetandika kitambaa juu ya dashibodi kuikinga na jua, na kitambaa kimefunika kifungo kile. Mchana kweupe, gari langu liliamini ni usiku. Siku niliyokitoa ndiyo siku tatizo lilipoisha. Gari lile lina skrini pana inayonionyesha jina la kila wimbo unaocheza. Ningefurahi kama lingetumia sehemu ndogo ya skrini hiyo kuniambia kwamba sensa yake ya jua haioni mwanga.

Sensa ya nje nayo ina tabia inayowatisha watu. Ukisimama kwenye foleni, joto la injini na la lami huifikia, na ingefuatwa neno kwa neno ingeandika namba ya ajabu. Kwa sababu hiyo magari mengi yamepangwa kukubali upesi namba inayoshuka na kukataa inayopanda mpaka gari litembee kwa kasi kwa muda. Namba iliyoganda kwenye foleni, basi, haimaanishi sensa imekufa.

Mahali ambapo ukimya huu ni hatari kweli ni ukungu kwenye kioo. Mvua inanyesha, mko wanne garini, nguo zimelowa, pumzi zimejaa unyevu. Kioo cha mbele ni baridi, unyevu unakigusa na kugeuka matone, na ndani ya dakika chache huoni barabara. Dereva anabonyeza kitufe cha kuondoa ukungu na anaona mambo mawili yanayomchanganya. La kwanza: kompresa ya AC inawaka, ingawa yeye anataka hewa ya moto. Anadhani gari limekosea na anaizima. Asiizime! AC ina kazi ya pili ambayo ni ya thamani kuliko kupoza, nayo ni kukausha. Hewa ikipita kwenye koili ya ubaridi, unyevu wake unabaki kwenye koili kama maji (ndiyo yale yanayodondoka chini ya gari, na hayana ubaya wowote), kisha hewa hiyo kavu inapashwa moto na maji ya injini kabla haijapulizwa kwenye kioo. Hewa ya moto iliyokaushwa husafisha kioo upesi kuliko ya moto peke yake. Kwenye baadhi ya magari kompresa huwaka hivyo bila taa ya AC kuonekana kabisa.

La pili: anabonyeza kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani, na taa yake inakataa kuwaka, au inawaka na kuzima. Swichi imeharibika? Hapana. Gari limekataa kwa makusudi, kwa sababu kuifungia ndani hewa yenye pumzi za watu wanne ni kuongeza ukungu ule ule. Ni uamuzi sahihi kabisa, na nisingependa uondolewe. Lakini mtu mwenye hofu, asiyeona mbele, anabonyeza kitufe mara tatu nne huku gari linaendelea kwenda. Maneno sita kwenye skrini yangemtuliza: "Hewa ya nje imefunguliwa kuzuia ukungu."

Na kuna ukungu wa aina nyingine ambao dawa yake ni kinyume. Kwenye hewa yenye joto na unyevu mwingi, AC ikipuliza baridi kali kwenye kioo cha mbele, kioo kinapoa na matone yanatokea upande wa nje. Hapo kubonyeza vitufe vya ndani kwa hasira hakusaidii. Pitisha waipa mara moja, geuza hewa itoke kifuani badala ya kwenye kioo, punguza baridi. Nimekutana na madereva wenye uzoefu wa miaka mingi ambao hawajawahi kuambiwa jambo hili, nao si wa kulaumiwa.

Asubuhi ya baridi kuna malalamiko mengine: umeweka 24, umewasha AUTO, feni haivumi. Inasubiri. Kwenye gari lenye injini, joto la kupasha ndani hutoka kwenye maji yanayopoza injini hiyo, na maji yakiwa bado baridi kupuliza ni kukupigia hewa baridi miguuni. Magari yanayozima injini yenyewe kwenye taa nyekundu yana lao pia: kompresa iliyofungwa kwa mkanda husimama pamoja na injini, hewa inaanza kuwa vuguvugu, kisha injini inawaka ghafla kabla taa haijabadilika kwa sababu koili imepata joto.

Niende kwenye vioo vya umeme, maana huko ndiko nilikotozwa fedha bure. Nilibadilisha betri, na tangu siku hiyo kioo cha dereva kikaacha kupanda kwa mguso mmoja. Kilipanda ukishikilia swichi tu, na ukiiachia kinasimama. Fundi mmoja alisema mota inakufa. Nilikubali ibadilishwe, na mota mpya ikafanya vile vile. Ukweli niliupata baadaye kwenye kitabu cha gari: umeme ukikatika, kompyuta ya kioo inasahau mahali kioo kinapoishia juu. Dawa kwenye magari mengi ni kushusha kioo hadi chini, kukipandisha huku umeishikilia swichi, na kioo kikishafunga kuendelea kuishikilia kwa sekunde chache. Basi. Kimekumbuka.

Nilikasirika, lakini nilipoelewa sababu niliheshimu waliokiunda. Kioo kinachopanda chenyewe kinaweza kubana mkono au shingo ya mtoto, ndiyo maana kina kinga: kikikutana na kizuizi njiani kinasimama na kurudi chini. Kinga hiyo inategemea kujua kioo kiko wapi, kwa sababu kufika juu kabisa nako ni kukutana na kizuizi, na lazima gari litofautishe mpira wa mlango na mkono wa mtoto. Lisipojua, linakunyima mguso mmoja mpaka ulifundishe upya. Kwa sababu hiyo hiyo swichi nyingi za sasa hufunga kioo kwa kuvutwa juu, ili goti la mtoto aliyesimama kwenye kiti likiikanyaga swichi kioo kishuke badala ya kupanda. Na kile kitufe cha kufunga swichi za nyuma, naomba mwenye watoto akitumie kila safari. Kwenye magari mengi vioo vinaendelea kuwa na umeme kwa muda hata baada ya kuzima gari, mpaka mlango wa mbele ufunguliwe.

Vioo hivyo vina zawadi moja ambayo wenye magari wengi hawaijui. Kwenye magari kadhaa, ukishikilia kitufe cha kufungua milango kwenye rimoti, vioo vyote vinashuka ukiwa bado uko mbali. Gari lililokaa juani lina hewa ya moto kuliko ya nje, kwa hiyo kuitoa kwanza hupunguza kazi ya AC kuliko LO yoyote. Waipa za otomatiki nazo zizimwe kabla ya kuoshwa gari: sensa yake hurusha mwanga usioonekana ndani ya kioo na kusoma unaorudi, haiwezi kutofautisha mvua na maji ya mpira.

Wakati haya yote yanahitaji maelezo zaidi, watengenezaji wanaenda upande wa pili: wanaondoa vitufe na kuficha AC ndani ya skrini. Mwaka 2022 jarida la Sweden la Vi Bilägare liliwapa madereva kazi chache za kawaida, zikiwemo kuongeza halijoto na kuwasha kiondoa ukungu, gari likienda kilomita 110 kwa saa. Kwenye Volvo V70 ya mwaka 2005, yenye vitufe, kazi zote zilichukua sekunde 10, sawa na mita 306 za barabara. Gari jipya lililofanya vibaya kuliko yote lilihitaji karibu sekunde 45, zaidi ya mita 1,300. Dereva anatafuta menyu kwa zaidi ya kilomita nzima, na huenda anaitafuta kwa sababu haoni mbele.

Euro NCAP, taasisi ya Ulaya inayopima usalama wa magari mapya, imelisikia jambo hili. Kuanzia 2026 vipimo vyake vinazingatia kama mambo matano yana vidhibiti vya kushikwa kwa mkono: indiketa, taa za hazadi, waipa, honi, na wito wa msaada wa dharura. Nawashukuru kwa hilo. Kitufe cha kuondoa ukungu hakimo kwenye orodha. Ningekiweka cha sita.